Tangi la Chini na Tundu Lake

Jumatatu, 3 Machi

Chujio la samaki limepasuka. Lile la plastiki, linaloning'inia nyuma ya tangi, kongwe kuliko ndoa yangu. Nimerudi kutoka kazini nikakuta zulia linaelea. Sawa, halikuelea — lakini nia lilikuwa nayo.

Chini yetu anakaa mama mkwe. Nyumba ni yake, dari ni yake, na sasa dari ina doa la pili, ukubwa wa sinia. Amepanda ngazi mwenyewe, na goti lake bovu, kuja kunisomea hukumu: tone moja tena, na samaki hao wachague, baharini au kikaangoni. Hatanii. Sijawahi kumwona akitania.

Mume wangu alikuwepo. Alisema, "Mama, tutaangalia." Kisha akaenda kuangalia mpira.

Jumanne, 4 Machi

Kwa kumbukumbu: mume wangu ni fundi bomba. Mji mzima unamwita Fundi, hata mimi. Watu humpigia simu usiku wa manane naye huenda, na mkoba wake, kama daktari. Bomba la jikoni kwetu linadondoka tangu tuhamie. Nikisema, jibu ni "kesho, mke wangu". Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema. Hawakusema mke wa kinyozi afanye nini.

Basi nitajinyoa mwenyewe. Nimesoma mtandaoni: wenye samaki wa maji chumvi huweka tangi la pili chini ya la kwanza, ndani ya kabati. Wanaliita sampu. Maji yanashuka yenyewe kutoka juu kwa bomba nene, yanapita vyumba vya kuchuja, halafu pampu inayapandisha tena kwa mpira mwembamba. Hakuna kinachoning'inia, hakuna kinachopasuka.

Daktari wa meno, bosi wangu, ananiuliza kwa nini nahangaika. Yeye ndiye aliyewastaafisha hawa samaki aliponunua televisheni ya chumba cha kusubiria. Miaka yote ile niliketi pale mapokezi, wagonjwa wakilia upande huu, samaki wakinitazama upande ule. Nawapenda, nikawaleta nyumbani. Basi.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi vioo amenikatia vipande. Akauliza ni kabati la vyombo? Nikamjibu ndiyo. Maisha ni mafupi.

Nimebandika kwa gundi ya silikoni. Mikono yangu inanata, nywele zinanata, simu inanata. Fundi amepita, akaangalia mistari yangu ya silikoni, akavuta pumzi kwa pua. Bora angesema kitu!

Jumapili, 9 Machi

Cha mvunguni sharti uiname. Nimeinama kabatini mpaka kiuno kinaimba.

Nimejaribu kwa maji ya bomba kwanza, samaki wakiwa ndooni. Nikawasha. Mpira uliruka kutoka tangini wenyewe kabisa, ukageukia ukuta na kuiogesha picha yetu ya harusi. Mimi kwenye picha nimepona. Fundi amevimba kidogo usoni.

Alicheka. Mimi pia, baadaye. Nimeufunga mpira kwa kibanio, na mwisho wake nimechomeka kipande cha bomba kilichopinda kitazame maji.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimejifunza jambo la maana kuliko yote niliyosoma shuleni. Umeme ukikatika, pampu inasimama, na maji ya tangi la juu yanaanza kurudi chini kinyumenyume, kwa ule ule mpira wa kupandishia. Yanajivuta yenyewe, kama mtu anayenyonya petroli kwa mpira. Hayaachi mpaka la chini limefurika.

Dawa yake ni tundu. Unatoboa lile bomba lililopinda, juu kidogo ya maji. Umeme ukikatika, tundu linavuta hewa, mvuto unakatika, kila mtu anabaki mkavu. Dari ya mama mkwe inategemea tundu lisilopitisha hata njugu!

Nimelitoboa kwa drili ya Fundi. (Hajui. Nimeirudisha mkobani na kuipangusa.) Nikachomoa waya wa pampu makusudi. Maji yakashuka kidogo, yakasimama. Nikacheza peke yangu sebuleni.

Samaki wamerudi nyumbani. Bi Harusi, yule mkubwa wa rangi ya chungwa, amening'ata kidole. Shukrani zake ndizo hizo.

Pampu ikiwa inafanya kazi, tundu linatema uzi mwembamba wa maji, humo humo tangini. Sss. Sauti tamu. Nimelala nayo.

Ijumaa, 14 Machi

Mama mkwe ameuliza ngazini kama bado nina "ile bahari". Nikamwambia sasa ni ya kisasa. Akatazama dari yake.

Jumamosi, 15 Machi

Nimerudi kutoka kazini, nyumba kimya. Kimya mno. Nikasimama mlangoni nikitafuta kilichopungua. Ile sss!

Fundi alikuwa amekaa kochini, mikono magotini, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. "Umeona?" akasema. "Bomba lako lilikuwa linavuja, nimekuzibia." Gundi ya kazini, ile ya kigeni, anayowatilia wateja wakubwa tu. Hata sikumwomba, akasema. Kweli sikumwomba!

Nikaenda kutazama. Kazi safi sana. Ukipitisha kidole huhisi kitu.

Nilifungua mdomo nimweleze. Halafu nikamwona anavyonitazama. Tangu tuoane hajaziba kitu chochote katika nyumba hii. Bomba la jikoni lilikuwa linadondoka palepale, tunalisikia wote wawili, na yeye kaanza na la samaki wangu. Nikasema, "Asante, mume wangu." Akafurahi mpaka akaenda kununua mkate bila kutumwa.

Jumatatu akienda kazini nitalitoboa tena, upande wa nyuma, asikoona. Siku mbili tu. Umeme haujakatika wiki nzima.

Jumapili, 16 Machi

Umekatika. Saa kumi alasiri, jua linawaka, watu tumekaa.

Kalamu mkono wa kulia, bomba mkono wa kushoto. Wengine wangeomba dua. Mimi naandika, la sivyo nitapiga kelele.

Ilikuwa hivi. Feni ikasimama. Kabatini maji yakaanza kunong'ona. Nikaruka, maji tayari yanatoka mlangoni mwa kabati. Nikavuta bomba kutoka tangini kwa nguvu, kibanio kikavunjika. Mvuto ukakatika, lakini sakafu ilikuwa imeshakunywa. Fundi akapiga kelele: "Usilishike! Gundi bado haijakauka!" Nikamwambia lile tundu lilikuwa la kuvuta hewa.

Alitazama bomba, akatazama kabati, akafuata maji kwa macho yake kutoka juu hadi chini. Kwa fundi bomba, maelezo zaidi yangekuwa matusi. "Ungeniambia jana," akasema polepole. Nikamwambia jana ulikuwa umefurahi.

Hapo ndipo fagio la mama mkwe lilipoanza kugonga dari kutoka chini. Nikaweka mguu mbele, akanizuia. "Nakwenda mimi."

Bomba siwezi kuliachia. Mpira umejikunja, nikilegeza linarudi majini na kuanza upya. Hivi lilivyokaa, mdomo wake unatazama mlango. Swichi ya pampu bado imewashwa, nayo iko nyuma ya kabati, mkono haufiki. Bi Harusi ananitazama.

Dirisha la ngazini liko wazi, nasikia kila neno. Mama mkwe: nilisema tone moja! Samaki wa mkeo hao leo wanatoka! Fundi akasema kitu kwa sauti ya chini. "Nini?" akauliza mama. Akarudia, safari hii kwa sauti.

"Samaki wangu, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Kumi na moja haijafika na tayari nimeshasamehe bomba la jikoni, lote, na kesho zake zote.

Mama mkwe anasema twende, nikaone mwenyewe hiyo bahari yako. Nasikia miguu ngazini. Jozi mbili, moja ina goti bovu. Wamefika mlangoni.

Na jikoni friji imeanza kunguruma.