Vijana Wawili kwa Shemeji

Jumapili, 4 Mei

Tumeshindwa tena kwenye besiboli. Mvua kidogo, upepo mwingi, uwanja wa Kingstanding umelowa. Baba Njeri alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, akacheza na viatu vya ibada, akateleza. Sasa ni kiuno. Nina wachezaji tisa na labda magoti kumi mazima kati yao. Mrushaji wetu anarusha mpira kama anayempa mtoto peremende.

Ouma peke yake ndiye aliyepiga. Mara mbili aliupeleka mpira hadi kwenye miti. Kila akipiga, watu wetu wanaita Odhis, Odhis. Ndilo jina lililo mgongoni. Jezi ni ya marehemu mume wangu, namba saba, na Ouma ni mdogo wake. Ameivaa tangu tulipomzika Odhiambo, huu ni msimu wa tatu. Mimi pia huita hivyo hivyo. Leo sauti imenikauka.

Baadaye akabeba magongo na glavu hadi kwangu Erdington kama kawaida. Akakataa chai kama kawaida. Asante shem, kwaheri shem. Sijawahi kumwita jina lake usoni.

Jumanne, 6 Mei

Zamu ya mchana kwenye makao ya wazee. Miguu imevimba. Ligi wameandika: tukikosa watu tisa tena kama mwezi uliopita, tunaondolewa. Timu hii Odhiambo aliianzisha huku ughaibuni na wenzake waliofundishwa besiboli shuleni kule Migori. Sitaki ifie mikononi mwangu. Hilo tu.

Jumamosi, 10 Mei

Kioja. Mwakalinga, kocha wa timu ya Kings Heath, amekuja nyumbani na mkewe. Koti, tai, viatu vinang'aa. Sukari kilo mbili na boksi la juisi. Nikafikiri kuna msiba. Walikaa kochini wakauliza habari za watoto, za kazi, za nyumbani Kenya, za mvua. Mtanzania hana haraka. Chai ikaisha, nikaweka nyingine.

Ndipo akakohoa, akasema, "Dada, tumekuja kwa heshima zote. Tunamwomba mpigaji wenu. Na hatukuja mikono mitupu."

Wanamtaka Ouma. Watanipa vijana wawili, Ilyas na Merveille. Ilyas anarusha, Merveille anakimbia. Wote hawajafika miaka ishirini. Nikauliza kama wameumia mahali. Hapana. Kama wana tabia mbaya. Hapana. Sikumwelewa. Kubadilishana wachezaji ni jambo la kupigiana simu, huyu amekuja kama anaposa.

Nimesema nitafikiri. Sukari nimeiweka kabatini, sijaifungua. Naona nikiifungua nimekubali.

Jumatano, 14 Mei

Nimepanda basi hadi Kings Heath kuwaona hao vijana mazoezini. Nilisimama mbali, nimevaa kofia, kama askari kanzu. Ilyas ni Msomali, wazazi wamekulia Eastleigh, kule Kenya. Mpira wake unasikika kabla hujauona. Merveille ni binti wa Kikongo, anakimbia hata mahali pasipo haja ya kukimbia. Nilipowasalimia kwa Kiswahili walielewa kila kitu na kujibu kwa Kiingereza. Nikapenda wote wawili. Nikakasirika kwa kuwapenda.

Hesabu haitoki. Ouma ana miaka arobaini na miwili. Hakimbii, anatembea kwa haraka. Anapiga, ndiyo, lakini mpira wa chini karibu na magoti hawezi kuuacha upite na hawezi kuugonga. Mimi najua. Mwakalinga si mjinga, naye anajua. Kwa nini atoe miaka ishirini ya mbele anunue miwili?

Kuna kitu nisichokiona.

Ijumaa, 16 Mei

Mama mkwe amepiga simu kutoka nyumbani. Mvua, mahindi, goti lake. Kisha Ouma. Ouma anakula? Ouma anakuja kwako? Akauliza sisi wawili tunangoja nini, kaburi limeshaota nyasi. Nikamwambia mtandao ni mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri sana.

Sina hamu ya kurithiwa na mdogo wa marehemu. Sijui kama nimewahi kulisema kwa sauti. Kumwambia Ouma mwenyewe, la hasha. Mtu hawezi kumwambia shemeji yake kitu kama hicho.

Jumapili, 18 Mei

Tulishinda! Kwa bahati, wale wengine walikuwa wabovu kuliko sisi. Ouma alipiga mara tatu. Odhis, Odhis.

Akiwa anakusanya magongo niliwaambia wengine habari ya Mwakalinga. Baba Njeri, ameshika kiuno, alisema chukua vijana leo leo. Mwingine akasema ukimtoa Ouma umemtoa Odhis uwanjani, utamzika mara ya pili. Kisha wote wakasema mimi ndiye kocha. Yaani mzigo ni wangu.

Ouma hakuja karibu. Aliniangalia tu kama mtu anayengoja jibu. Nimejiambia ni jua machoni. Halikuwepo jua.

Jumatatu, 19 Mei

Asubuhi nakubali. Mchana nakataa. Nilimpa bibi mmoja kazini uji mara mbili, akala mara mbili, hakulalamika.

Nikimtoa, timu inapona. Nikimtoa, namba saba inatoka kwenda Kings Heath. Nikimbakiza, namba saba inabaki na mwakani hakuna timu ya kuivaa. Na je, ninambakiza kwa sababu ya gongo au kwa sababu kila Jumapili, mtu akiwa amenipa mgongo, naona jina hilo linatembea? Hilo si swali la kocha. Sijui ni swali la nani.

Jumatano, 21 Mei

Nimeamua. Hapana. Nilimpigia Mwakalinga wakati wa mapumziko, nikamshukuru, nikamwambia nitamrudishia sukari yake. Kisha akasema kwa upole wake ule unaokera, "Dada, kabla hujakataa, ongea na shemeji yako."

Nimerudi kwenye zamu na kichwa kinazunguka. Shemeji yangu anahusika nini? Kisha nikajiona punguani. Hii habari yote ni ya shemeji yangu, na mtu pekee ambaye hakuna aliyemuuliza ni yeye.

Alhamisi, 22 Mei

Ouma alikuja nilipomwita. Safari hii alikubali chai. Nikajua kuna jambo.

"Shem," akasema, "ni mimi niliwatuma."

Nikamuuliza mbona hakuniambia mwenyewe.

"Ningekuambia aje? Ungelia, ningebaki."

Aliongea akiangalia kikombe. Amechoka kuitwa kwa jina la marehemu. Akipiga wanamwita Odhis, akikosa wanasema Odhis asingekosa. Mama anampigia simu kila wiki, anapanga. Kumbe na yeye. Watu wanamwona akibeba magongo kuja kwangu, nao wanapanga. Alisema, "Nilimpenda ndugu yangu. Lakini sitaki kuwa yeye, wala nyumbani kwake, shem. Usinielewe vibaya."

Vijana aliwatafuta yeye. Alimsumbua Mwakalinga majira yote ya baridi mpaka akakubali. Hakutaka kuniacha bila watu. Na koti na sukari? Pia yeye. Alisema mtu wa familia haondoki kwa simu.

Nikacheka. Kisha nikalia, jambo alilolikimbia. Hakubaki.

Ijumaa, 23 Mei

Nina hasira. Nimeachwa na mtu ambaye sikuwa naye. Najisikia mwepesi pia. Hasira na wepesi kwa pamoja, sijui nianze na kipi. Nimefungua sukari.

Jumapili, 25 Mei

Nimeweka sahihi. Ouma ameleta jezi, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa ndani ya mfuko wa karatasi. Hakuingia ndani. Ilyas ameuliza namba gani ziko wazi, nikamwambia zote isipokuwa saba. Baba Njeri amekasirika kwamba Merveille anamzunguka mara mbili kabla hajafika kituo cha kwanza. Juma lililopita alikuwa anawataka.

Mama mkwe amepiga. Nikamwambia wazi: hapana, Mama, si Ouma wala mwingine, na Ouma hataki pia. Kisha akauliza kama huku mvua imeacha.

Jumapili, 15 Juni

Tulicheza na Kings Heath, kwao. Jua la kweli. Tulikuwa kumi, nilisahau jinsi inavyokuwa kuwa na mtu wa kukaa benchi.

Ouma aliingia kupiga akiwa na jezi ya bluu, jina lake mwenyewe mgongoni. Ilyas akaniangalia. Nikaonyesha chini, magotini. Ouma aliniona nikionyesha, akatikisa kichwa na kutabasamu. Mpira wa kwanza, chini, akakosa. Wa pili, chini, akakosa. Wa tatu ulikuja pale pale, na sijui amejifunza lini, akaugonga. Ulipita juu ya Merveille, naye alikuwa anakimbia kama moto.

Watu wa Kings Heath waliita Ouma, Ouma. Upande wetu kimya. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kwa lile jina lingine, mazoea. Nikaufunga. Yeye alikuwa anatembea kwa haraka kuelekea kituo cha pili.

Nikasema Ouma. Polepole tu, mara moja. Hakunisikia. Ilyas alinisikia, akaniangalia vibaya.