Chumvi Niliyomficha Babu Yako

Neema mjukuu wangu,

Barua yako ya kutoka Lilongwe imefika. Hapa kambini Dzaleka tuko, ni kuchoka tu. Shangazi yako amepata kazi ya kushona kule Mponela.

Uliniuliza kwa nini maharagi yangu haina chumvi. Tulipokuwa bado vijana Bukavu, muganga wa hospitali alimkataza babu yako chumvi, maana damu yake ilikuwa inapanda. Siku ya tatu akasukuma sahani: "Hii njo chakula ya mugonjwa." Nilimhurumia. Nikatia chumvi kidogo, nikamwambia utamu ni wa vitunguu. Akamaliza yote. Basi nikatia kila siku, miaka na miaka, mpaka asubuhi ile alipoanguka akishona kwenye cherehani yake, na mkono wake wa kuume ukakataa kazi.

Juzi, nikiwa namlisha, nilimwambia ukweli. Alitafuna polepole, akameza.

"Mi nilijua," akasema. "Kitunguu haina chumvi, Mama Furaha. Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa tamu."

Nilimpa kijiko kingine, akafungua kinywa.

Ukija, utavumilia chakula yetu. Naacha hapa, babu yako ananiita.

Bibi yako