Mhuri Niliomgongea Nedo

Nyumba ya Juu,
Castelpruno,
Mkoa wa Siena.
Jumanne, 14 Oktoba.

Mpendwa dada yangu Delfina,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini wewe na shemeji Rodolfo hamjambo huko Mendoza, na kwamba goti lako limetulia sasa joto linaporudi kwenu. Huku tumemaliza kuvuna zabibu wiki iliyopita. Mimi mwili ni mzima, na hilo ndilo jambo jema la mwisho utakalosoma kunihusu humu.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Umenipigia mara tatu, na zote tatu nimekupa habari za kaka Nedo nusunusu kisha nikakimbilia habari za zeituni. Nikikusikia unapumua upande wa pili, ulimi unanikauka. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, basi soma mpaka mwisho kabla hujanilaani.

Jumapili ya tarehe tano ilikuwa siku ya baiskeli. Unaikumbuka safari yetu: kilomita sabini za changarawe nyeupe, chini ya ngome, katikati ya mizabibu, halafu ule mlima wa msituni hadi kwenye abasia ya watawa iliyobomoka. Si mashindano. Watu husimama kula mkate na supu, na mabishano ya tairi huchukua muda kuliko kupanda mlima. Kinachoshindaniwa ni mihuri tu. Kuna vituo vinne, kila kimoja na karatasi yake ya namba, na ukipita unagongewa mhuri kando ya namba yako. Mwenye mihuri yote minne huandikwa kwenye ubao wa klabu. Kaka yetu ameandikwa mwaka hata mwaka, miaka ishirini na sita, na hakuna mwingine wa kumfikia.

Asubuhi hiyo alisimama mlangoni kwangu akijaza upepo. Miaka sitini na sita, Delfina, na suruali ileile ya manjano.

"Mdogo wangu," akaniambia, "huu mlima wa abasia kila mwaka wanaurefusha. Nikichelewa, nigongee. Si unajua nitapitia kwanza pale petu."

Pale petu unapajua. Baba alituapisha sisi watatu, na mpaka leo mke wangu hajui uyoga wetu unatoka wapi. Nikamjibu kwamba kwa mwendo wake uyoga utakuwa umeoza kabla hajafika. Akacheka, akaondoka.

Mimi nilipewa meza ya abasia. Ilipokaribia saa saba mchana wote walikuwa wamepita isipokuwa namba arobaini na moja. Nikagonga mhuri wa Nedo. Sikufikiri hata kidogo, mkono ulikwenda wenyewe.

Muda si mrefu akafika mzee Vasco, yule aliyekuwa tarishi. Bado ndiye anayepanda wa mwisho kuhakikisha hakuna aliyebaki njiani, na bado tunamwita Ufagio. Alishuka kwenye baiskeli, akavua helmeti, akajifuta jasho.

"Arobaini na moja sijauona hata mgongo wake. Amepita?"

"Ameshakunywa supu yake, babu. Yuko mbele huko. Wewe ndiye mkokoteni."

"Una uhakika? Nedo, anipite mimi nisimwone?"

Nikamwonyesha mhuri. Ningesema hapana, angegeuza baiskeli papo hapo na kuingia msituni kumtafuta, na angetokea moja kwa moja kwenye uyoga wetu. Hilo ndilo nililoliwaza, dada. Niliwaza uyoga.

Nedo wakati huo alikuwa bondeni, kwenye ile njia ya wachoma makaa, hatua chache kutoka pale petu. Breki ya nyuma ilikatika kwenye mteremko, akaanguka juu ya mawe. Mguu wa kushoto ulivunjika chini ya goti na mshipa wa damu ukabanwa. Simu haishiki kule. Aliita mpaka sauti ikamwisha. Tulianza kumtafuta jioni, tena upande usio wake, ng'ambo ya abasia, kwa sababu mhuri ulisema alishapita. Alipatikana kesho yake asubuhi na mwindaji mgeni ambaye mbwa wake alikataa kutoka bondeni.

Daktari alinieleza kwa upole, na ule upole ndio ulioniua. Mguu uliokosa damu hivyo una saa sita hivi. Angefikishwa kwake jioni ya Jumapili, pengine ungepona. Jumatatu waliukata. Kwenye simu nilikuambia ni upasuaji. Nisamehe, niliogopa kulitamka.

Na hayo bado si yote. Kwa kuwa mhuri unaonyesha Nedo alipita kwenye meza yangu, kijiji kizima kinaamini aligeuka baada ya abasia akarudi kushuka bondeni, na Vasco akampita bila kumwona. Lawama zote zimemwangukia yeye. Pale klabu hakuna anayemwita kucheza karata. Kuna aliyemtundikia ufagio uliovunjika mpini kwenye geti lake. Alipotaja kwamba aliniuliza, wakamjibu kwamba ndiyo, aliuliza, na aliambiwa kweli, sasa macho yalikuwa wapi? Naye amekubali, Delfina. Anasema labda amezeeka, labda alisinzia kwenye mteremko. Mke wake Argia alikuja kwangu akilia, akiniomba nimtetee kwenye kikao cha Alhamisi, ambapo watamvua kazi yake mbele ya watu. Nilimwekea kahawa, nikamwahidi. Alipoondoka nilikaa jikoni nikijipiga mapaja kwa ngumi.

Jumamosi Nedo alipata nguvu ya kuzungumza. Nikafunga mlango, nikamweleza yote. Nilitegemea anitukane, na ningefurahi.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Hakuna."

"Basi ishie hapa."

"Na Vasco?"

"Vasco ana miguu miwili. Atapata kitu kingine cha kufanya."

Nikamwambia siwezi. Akanishika mkono, akaubana, na hakuwa na nguvu lakini nilishindwa kujitoa.

"Ukisema huu mmoja, watauliza ni mingapi."

Iko mingine mitatu. Mwaka wa homa, mwaka wa mvua ya mawe, na mwaka aliofiwa na mke wake Tosca akashindwa kumaliza. Yote mitatu niligonga mimi, kwa mapenzi, na kila mara tulicheka.

"Baiskeli sitapanda tena," akasema. "Nimebakiwa na ubao ule. Umenichukulia mguu, Oriano. Huo usinichukulie."

Kisha akageukia ukutani.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Chakula hakipiti. Nikimtazama kaka naona haki ni yake, nikipita getini kwa Vasco naona haki ni ya Vasco, na mimi niliyewaponza wote wawili natembea kwa miguu yangu, nasalimiwa, napewa pole. Pole, dada. Watu wananipa pole.

Nimeamua. Alhamisi nitasimama kwenye kikao na kusema habari za mihuri yote minne. Jana nilimwambia Nedo, naye akamwita muuguzi, akamwomba anitoe chumbani na asiniruhusu tena. Barua hii itakufikia ubao umeshafutwa, kwa hiyo usihangaike kunizuia, wala usinipigie kunifariji. Mpigie yeye. Mpigie kila siku, hata akikata, hata akikutukana. Katika sisi watatu amebakiwa na wewe peke yako.

Nisalimie Rodolfo, wanao Inés na Bruno, na shangazi Fosca ikiwa bado anakumbuka majina yetu. Mungu awalinde na kila baya, na akupe wewe maneno ambayo mimi nimeyakosa.

Ni mimi ndugu yako nikupendaye, kama bado wanitaka,

Oriano