Sauti Aliyokuwekea Baba Mkwe

Ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha rangi.
Jumapili, tarehe 8, alasiri.

Mpendwa Shangazi,

Baba Mkwe wala hakuwa na kiburi, Shangazi, na ndiyo maana nimeshindwa kungoja hata nimalize kuanika nguo. Alichokuambia Baba Mdogo kuhusu harusi yetu ni kweli tupu, ila maana yake siyo ile mliyoipa. Nitakueleza yote, lakini kwanza nisionekane nimeolewa nikasahau adabu: shikamoo. Mguu unaendeleaje? Umeanza kushuka ngazi bila fimbo, au bado unamdanganya daktari? Sisi huku ni wazima, isipokuwa kwa hilo nitakalokusimulia.

Mimi nimenenepa. Kila asubuhi nikiamka nakuta mume wangu ameshanichemshia maji ya kuoga, na kila asubuhi moyo unanienda mbio kana kwamba ndiyo kwanza anakuja kunichumbia. Jana alinikata kucha za mkono wa kulia, kwa sababu mkono wangu wa kushoto hauna shabaha. Najua utasema ni mapenzi ya mwezi wa kwanza. Niache nifaidi.

Sasa, lile la Baba Mkwe.

Unazikumbuka sinema za Koti Jeusi, yule jasusi tuliyekuwa tukimtazama Jumamosi, wewe ukishona vifungo na mimi nimejifunika uso kwa mto? Ulikuwa ukisema sauti ile ikikuomba figo utaitoa, na asante utasema wewe. Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli kwamba maneno ya lugha yetu aliyatia Baba Mkwe. Ni kweli. Amemsemea mwigizaji yule tangu sinema ya kwanza, wote wawili wakiwa vijana wenye nywele nyeusi. Hawajawahi kuonana hata siku moja, lakini wamezeeka pamoja.

Mwaka huu mwigizaji ametangaza kwamba hii ndiyo sinema yake ya mwisho. Kuna mahali anapanda ngazi, anasimama katikati na kushika ukuta ili apumue, na mume wangu anasema pale hakuwa anaigiza. Basi wakati sinema hiyo inasubiriwa, daktari akamkuta Baba Mkwe na uvimbe kooni. Lazima ukatwe. Baada ya hapo sauti inaweza kurudi, inaweza isirudi, hakuna anayethubutu kuahidi. Baba Mkwe akaomba asubiriwe amalize kazi. Daktari akakubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba hadi siku hiyo asitoe neno, hata la kunong'ona.

Hayo yalitokea kabla ya harusi. Aliyajua yeye, Mama Mkwe na mume wangu tu. Alikataa yatangazwe, maana hakutaka watu waje kula harusi kwa nyuso za msiba. Ndiyo sababu alimpa Baba Mdogo mkono, akainamisha kichwa na kunyamaza, naye Baba Mdogo akarudi kwenu na habari kwamba mtoto wenu ameozwa kwa gogo.

Na mimi pia sikuambiwa! Si kwamba walinificha. Katika nyumba hii mzee hunyamaza siku kadhaa kabla ya kila kazi, miaka yote, hata wenyewe hawalioni tena kuwa ni jambo la kumweleza mgeni. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshaniambia. Asubuhi ya kwanza nikamwamkia, akatabasamu, akagonga kikombe kwa kijiko mara moja. Nikajua anataka chai, nikamimina. Akagonga mara mbili. Nikamimina tena. Kumbe mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Mzee wa watu alikunywa vikombe vinne kwa heshima yangu.

Siku ya tatu nikajifungia chumbani nikalia. Nikamwambia mume wangu kwamba baba yake hanitaki, ananitaka kwa chai tu. Alicheka mpaka akakalia kapu la nguo chafu. Kisha kicheko kikageuka, Shangazi, na hapo ndipo nilipomwona mume wangu akitokwa na machozi kwa mara ya kwanza. Akanieleza yote, nami nikampenda zaidi ya siku ya harusi.

Jumanne iliyopita walinichukua nikaone kazi yenyewe. Ni chumba kidogo nyuma ya duka la vitabu vya shule, kuta zimefunikwa magodoro ili kelele za mtaani zisiingie. Mume wangu, ambaye ndiye fundi wa sauti, hukaa nyuma ya kioo. Nilikaa karibu naye, goti kwa goti. Baba Mkwe alivua viatu kwa sababu vinalia, akasimama mbele ya maikrofoni. Picha ikaanza, naye akafungua kinywa.

Nywele zilinisimama. Alikuwa ni Koti Jeusi wetu, ila kama bawaba iliyokaa mvuani.

Ilipokaribia adhuhuri sauti ilianza kukatika. Bosi wao, aliyekuwa amekaa nasi, akashauri mume wangu amalizie, kwa kuwa amerithi sauti ya baba yake na watazamaji hawatatambua. Mume wangu alitazama kioo tu. Kule ndani Baba Mkwe akagonga chuma cha maikrofoni kwa ukucha. Mara mbili.

Tukafika mwisho. Koti Jeusi anarudi kwa mke wake, aliyeambiwa miaka mingi nyuma kwamba mumewe amekufa. Anasimama gizani, anavua lile koti, anasema: "Nimechoka kujificha. Washa taa, unitazame." Kwenye neno la mwisho sauti ya Baba Mkwe ilipasuka. Bosi alitaka warudie. Mume wangu akamwonyesha midomo ya mwigizaji kwenye picha, nayo ilikuwa ikitetemeka vilevile. Wakaiacha hivyo. Mimi nilikuwa nimeung'ang'ania mkono wa mume wangu mpaka pete ikamwachia alama.

Aliponyoosha mkono mwingine azime mitambo, Baba Mkwe aliinua kiganja kumzuia. Akanitazama mimi kupitia kioo, akasema maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia tangu niingie nyumbani kwake:

"Mwanangu, huyo shangazi yako aliyekulea nimwiteje? Sijamsalimia."

Nikamwambia, "Mwite dada, Baba."

Basi akakusalimia, Shangazi. Siandiki alichosema, maana ni chako na cha Baba Mdogo, nami nisingeweza kukiandika bila kukiharibu. Alisema mpaka sauti ikabaki pumzi tupu. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa, paji la uso limegusa mitambo.

Alhamisi wakamkata ule uvimbe. Amesharudi nyumbani. Kidonda ni kizuri, na kuhusu sauti daktari anasema tungoje. Leo asubuhi aligonga kikombe mara mbili, nikarudisha birika jikoni.

Nisalimie Baba Mdogo, na umwambie sina kinyongo naye. Msalimie Bibi, na binamu yangu Kidole Juu, aache kubishana na walimu. Mungu akunyooshee mguu na akuzidishie usingizi mzuri.

Salamu yako mume wangu ameitoa kwenye kazi ile na kuirekodi peke yake. Aliniambia tukutumie, nikakataa. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuletea wenyewe, sisi wawili na Baba Mkwe, daktari ameshakubali. Baba Mdogo naye awepo. Baba Mkwe atawapa mkono, atainamisha kichwa na kunyamaza, kama siku ile ya harusi. Msiudhike. Ketini tu, mume wangu atawasha, nanyi mtamsikia.

Ni mimi mwanao, ambaye kuolewa hakujampunguzia hata chembe ya kukupenda,

Bi Harusi wako