Picha ya Masudi Kivukoni

Mikelenge, Kindu
11 Machi 1984

Kwa Yaya Sharifa, dada yangu mkubwa, Lubutu,

Salamu zangu zikukute umesimama, si kitandani. Jamila aliyetoka huko ameniambia umekonda na kikohozi hakijakuachia, nami nimesikitika. Je, shemeji Hamadi goti lake linamruhusu kwenda shamba? Sisi huku tupo. Mke wangu Riziki anakusalimu sana. Mvua imebomoa ukuta wa jiko letu, lakini hiyo si habari ya kumwandikia mtu aliye kwenye msiba.

Barua yako niliipata. Ni mara ya tatu unaniuliza juu ya picha niliyompiga Masudi asubuhi ile alipovuka kwenda machimboni Kalima. Unasema uliniachia mwanao akiwa na miaka kumi na minne, akaenda kuchimba bati akiwa na ishirini, na katikati hapo, kwa ubaya wa barabara, hukumwona hata siku moja. Shimo lilimfunika, hawakumtoa, wala hukupata kumwona akioshwa. Unataka tu kujua mwanao alikuwa mtu mzima wa sura gani. Ni haki yako, Yaya, na ndiyo maana nimekaa na karatasi hii siku nne.

Kwanza nikueleze kazi yangu, vinginevyo hutanielewa. Watu wa Kindu wakipigwa picha wanataka mto nyuma yao. Ukiwaambia wageuke, jua liwapige usoni, wananuna na kuuliza kama walivaa vizuri ili wapigwe na vyoo vya jirani. Basi asubuhi jua linatokea ng'ambo, maji yanang'aa, na mtu aliyeyapa mgongo anabaki giza. Dawa yake ni flashi, mchana kweupe. Wananicheka kwamba Asumani anamulikia jua, lakini ndivyo ilivyo. Mwanga wa mto unauacha kama ulivyo, uso unauongezea wa kwake, na balbu unaifunika kitambaa cheupe ili mtu asitoke kama aliyepakwa unga. Ukipatia, mto unaonekana na mtu anaonekana. Ila balbu moja inaungua mara moja tu, na hapa zinaletwa na wafanyabiashara wa Bukavu, siku wanayopenda wao.

Masudi alisimama kivukoni na shati lake la kijani, mfuko begani. Alitaka mto, ili mama aone kwamba amevuka mwenyewe kwenda kutafuta. Aliniomba nizitoe vizuri ndevu zake, maana mama hazijui. Kisha akauliza mbona sijatia balbu kwenye flashi. Nikamjibu kwamba balbu zimekwisha na jua linatosha. Hakubisha. Alisema tu, "Mujomba, weye njo fundi," kwamba fundi ndiye mimi, akajinyoosha. Nilipomaliza kivuko kikapiga honi, akaenda.

Yaya, nilikuandikia kwamba filamu iko Bukavu inaoshwa. Haikwenda Bukavu. Niliiosha mwenyewe wiki ileile. Na balbu hazikuwa zimekwisha. Ilibaki moja, mfukoni mwangu, nikaishika kwa vidole huku ninamdanganya mtoto wako. Niliiweka kwa ajili ya sikukuu ya chama, kwa sababu mkubwa mmoja alikuwa anakuja kutoka Kinshasa, na mwaka wa nyuma fundi mwenzangu alilala ndani siku tano kwa kosa la mkubwa kutoka mweusi pichani. Niliogopa. Nikajiambia Masudi atarudi, nitampiga nyingine.

Mkubwa alikuja, akasimama na koti lake la abakosti, jua likiwa nyuma, nikaiwasha balbu. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile. Mto upo, bendera zipo, na kope za mtu yule unaweza kuzihesabu. Imetundikwa dukani kwangu kwa amri. Wateja wanaisifu, nami ninawashukuru, kisha ninaingia chumba cha nyuma na kuona aibu.

Ya Masudi nimeitia ndani ya bahasha hii. Nimeitoa upya mara nyingi, kwa kila karatasi niliyoipata, nikidhani labda uso utakuja. Filamu haikuushika, basi hakuna cha kuutoa. Utaona maji, kivuko, mitumbwi, hata kamba zake. Yule mweusi katikati ndiye mwanao. Usiisogeze kwenye taa, Yaya. Mimi nimefanya hivyo tangu msiba, haiongezi kitu.

Msalimie shemeji na kila anayeniulizia, kama yupo. Mungu akupunguzie kikohozi. Sikuombi radhi kwa karatasi, maana najua si jambo la karatasi. Usiponijibu, nitajua barua imefika.

Ni mimi mdogo wako,
Asumani