Spana Iliyoshika Plagi ya Florian

Kihagara,
Jumapili, baada ya misa.

Kaka yangu mpendwa Urbani,

Tumsifu Yesu Kristu, na shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama watoto, na kwamba baridi ya huko Mbinga haijakurudishia kile kikohozi ulichoondoka nacho. Sisi huku tunaamka na kulala. Baba hajambo, ila macho yamezidi kufifia, siku hizi ananitambua kwa sauti tu. Samaki wa usipa wanapatikana kwa wingi, lakini nyumba yetu haina hamu ya kula.

Najua utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Nikiongea ndani baba anasikia, nikiongea nje majirani wanasikia, na haya si ya masikio yao. Ndiyo maana nimempa Wendelin, anayepandisha samaki huko kwenu, akukabidhi mkononi.

Kaka, tangu uondoke baada ya kumzika Florian, mambo hayajatulia. Erasmo, mume wa marehemu Siwema aliyezama pamoja na Florian, anasema waziwazi kwamba ndugu yetu ndiye aliyemuua mkewe. Anasema fundi gani anatengeneza injini za watu wote mwambao huu halafu yake mwenyewe inazima katikati ya ziwa na abiria ndani. Wengine wameongeza kwamba alikuwa amelewa. Wewe unajua Florian hakuwa mtu wa pombe. Wifi Scolastika akienda kununua chumvi, wanawake wananyamaza mpaka apite. Kule kisimani juzi dada yake Siwema alimwaga maji ambayo wifi alikuwa ameshayateka. Wifi aliinama akaanza kuteka upya.

Othmar, yule aliyekuwa naye kwenye boti akanusurika kwa kushikilia dumu, alinieleza vizuri ilivyokuwa. Anasema pale ufukoni injini iliitika kwa kamba ya kwanza. Walipopita mawe upepo wa mwera ukaanza kuvuma, mawimbi yakawa yanarusha maji mpaka juu ya injini, nayo ikaanza kukohoa. Ilikohoa, ikashika, ikazima kabisa. Florian alivuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Boti ikakaa ubavu, wimbi likaingia, na lililofuata likawageuza.

Wiki iliyopita wavuvi waliinasa injini na kuivuta hadi ufukoni. Wakaileta kwangu, maana sasa pale karakana nimebaki peke yangu.

Wewe ni mwalimu, kaka, hukuwahi kuchafuka na grisi, kwa hiyo nivumilie nikueleze kidogo, la sivyo hutanielewa. Florian aliponichukua kunifundisha kazi, hakunigusisha injini mpaka nilipozijua spana. Alikuwa ananifumba macho kwa kitenge, ananipa moja mkononi, niseme ni ipi na inafanya nini. Spana flati ina mdomo wazi, inaingia pembeni mahali pasipo na nafasi, lakini inashika nati pande mbili tu. Ringi inaizunguka nati yote, kwa hiyo nati iliyoganda ni ya ringi. Boksi unaichomeka kwenye mpini wake kwa nati zilizojificha ndani. Ya bomba ina meno, nayo ni ya mabomba, ukiipeleka kwenye nati umeiharibu. Halafu ipo ile ya kurekebisha, ambayo mdomo wake unaupanua na kuubana upendavyo. Mafundi wanaiita spana malaya, unisamehe kaka, ndilo jina lake. Florian aliichukia. Alisema inamkubali kila mtu na haimshiki vizuri yeyote. Tuliitumia kufungulia geti la uzio.

Plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha injini, ina spana yake peke yake. Ni kama kibomba kirefu, ndani kina mpira. Inaivaa plagi kutoka juu mpaka chini, kwa sababu plagi ina kauri nyeupe kama kikombe cha chai, na ukiivuta upande itapasuka. Na ufa wa kauri, kaka, hauonekani kirahisi. Injini itawaka vizuri ikiwa kavu. Ikipata maji, moto wa plagi unapita kwenye ufa, na injini inazima.

Nilipovua kifuniko cha injini ile, plagi ilikuwa imelika kona zote, imetafunwatafunwa na mdomo wa spana uliokuwa unateleza. Kauri ina ufa, na juu ya ufa umepita mstari mweusi. Nilikaa chini kwenye mchanga. Kitu cha kwanza nilichowaza ni kwamba mtu ametuharibia kwa makusudi, na jina la Erasmo lilinijia kichwani, Mungu anisamehe.

Sasa nakuambia lenyewe. Jioni hiyo nilimpelekea baba uji. Akaniuliza kama ni kweli injini imepatikana. Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Wataona wenyewe kwamba injini haikuwa na kosa, Dafrosa. Siku moja kabla, Florian alikuwa amechoka, amelala. Nikamfungulia plagi, nikaisafisha na msasa, nikairudisha na kuikaza vizuri. Nilitaka akiamka akute kazi imekwisha."

Alisema hivyo anatabasamu. Tangu msiba sijamwona akitabasamu. Nikamshikisha kikombe cha uji, nikamwambia anywe kabla haujapoa.

Sisemi kwamba plagi peke yake ndiyo iliyowaua. Boti ilijaa mizigo, na mwera ule ungeweza kuisumbua hata injini mpya. Lakini mimi ni fundi, nimeona nilichoona, siwezi kujidanganya.

Nilipata shida sana, kaka. Nikiwaonyesha watu plagi, jina la Florian litasafika, wifi atateka maji kwa amani, na baba atakufa. Hatamaliza hata wiki. Nikinyamaza, ndugu yetu aliyelala kaburini ataitwa mzembe na mlevi miaka yote. Mwishowe niliona haki ya kwanza ni ya mjane. Nikamkuta wifi Scolastika uani anachambua mboga, nikaanza kumweleza kwa kuzunguka. Hakuniacha nimalize. Alisema, "Wifi, najua. Spana nilimpa mimi."

Siku ile kabla ya ajali, baba alimwomba spana. Wifi hajui spana hii wala ile, na sanduku la spana lilikuwa limefungwa. Akampa ile ya kurekebisha iliyokuwa kwenye geti. Aliposikia Othmar akisimulia jinsi injini ilivyokohoa, alikumbuka jinsi mzee alivyohangaika pale, ikateleza, akaikaza tena. Akaelewa yote kabla hata ya mazishi. Wakati wewe na mimi tunalia, yeye alikuwa tayari ameamua kunyamaza. Nilimuuliza anawezaje kuvumilia matusi ya kisimani. Akasema mume wake hasikii tena, ila baba mkwe anasikia kila kitu.

Plagi tumeitupa ziwani, sisi wawili. Erasmo nimemwambia maji yameharibu injini na hakuna kinachoweza kujulikana. Hakuniamini, nami simlaumu.

Kaka, wifi ameondoka. Ijumaa alichukua watoto akarudi kwao Mbaha, kwa sababu mkubwa wao alianza kupigwa shuleni akiitwa mtoto wa muuaji. Baba ameumia. Kila anayekuja kumsalimu, baba anamwambia kwamba mwanamke yule hana shukrani, udongo wa kaburi haujakauka amemkimbia mzee kipofu. Namsikiliza, namwacha aseme. Wifi mwenyewe ndiye aliyeniomba nimwache.

Nakuomba kitu kimoja. Ukishuka likizo kwa njia ya Ruanda na Lituhi, utapita Mbaha kabla ya kwetu. Teremka kwanza hapo. Ulizia kwa mzee Stanslaus, baba yake. Kabla hujamsalimia baba yetu, kamwamkie shemeji yako, na ukifika huku usiseme umetoka kwake.

Msalimie mama watoto, uwabusu wadogo kwa niaba ya shangazi yao. Baba anakusalimu, anasema umletee kahawa. Ukishasoma, choma karatasi hii.

Ni mimi mdogo wako anayekukumbuka kila siku,

Dafrosa