Mjerumani wa Baba

Berchem-Sainte-Agathe,
Bruxelles, Ubelgiji.
17 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Shamimu,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mguu uliokusumbua wakati wa mvua umepoa. Bahati anaendeleaje na masomo? Na hapo Buyenzi, umeme bado unakatika kila mkianza kupika? Nauliza mengi kwa mkupuo kwa sababu kwenye simu wewe unauliza tu, hujibu.

Sisi tunamshukuru Mungu. Mama bado anatunza wazee huko Ixelles. Hurudi amechoka, husali, hulala. Baba anakula vizuri. Upande wake wa kulia haujarudi tangu kiharusi kile cha Machi, lakini ulimi umefunguka na anatutania kama zamani. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kila simu ya nyumba hii yeye huisikia. Fahad anasafiri kuja huko Jumatano, ataileta mkononi.

Juzi uliniuliza, "Huyu Mjerumani anayetajwa na baba yako kila siku ni nani? Jirani?" Nilicheka, kisha nikabadilisha mazungumzo.

Mjerumani ni piano, Shangazi. Unajua kazi ya Baba hapa ilikuwa kuhamisha piano za watu, kuzipandisha na kuzishusha ngazi kwa mikanda mabegani. Mwaka mmoja mama mzee alifariki, na wanawe wakamwambia Baba piano ya mama yao akaitupe. Hakuitupa. Yeye na mwenzake Banza, Mkongo wa Likasi, waliipandisha hadi kwetu ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti, nami nikajifunzia hapo.

Ndani ya mfuniko kulikuwa na jina la Mjerumani aliyeitengeneza, Traugott Ellermann. Nilipofika chuo kikuu niliandika utafiti wangu wote juu ya mtu huyo, na kila jioni Baba aliniuliza, "Mjerumani amefika wapi leo?"

Ellermann alizaliwa katika mji mdogo wa Saxony mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, baba yake akitengeneza majeneza. Ujanani alikwenda kwa miguu hadi Vienna kutafuta wa kumfundisha. Aliporudi alitengeneza piano yake ya kwanza jikoni mwa mama yake, ikawa kubwa kuliko mlango, ikabidi ukuta ubomolewe. Baba aliipenda sana sehemu hiyo, akaniomba niirudie mbele ya wageni. Karakana ya Ellermann iliungua, akaanza upya, hadi piano zake zikauzwa Urusi. Vibonyezo vyeupe vya piano hizo vilikuwa vya pembe za ndovu, na Baba hushikilia kwamba pembe hizo zilipita Ujiji, mabegani mwa wazee wetu. Sikupata ushahidi wowote. Hilo sikumwambia.

Tena kuna sehemu moja nilimficha. Uzeeni, mashine ilimponda Ellermann mkono. Wanawe wakaichukua karakana. Kila asubuhi alikuja hata hivyo, wakamwekea kiti dirishani, akakaa akitazama wengine wakifanya kazi yake hadi alipofariki. Niliandika aya nzuri juu ya kiti kile, nikasifiwa na walimu. Sasa nikipita sebuleni namwona Baba, mkono umelala mapajani, na natamani ningeifuta aya ile.

Baba hawezi tena ngazi. Tumepewa nyumba ya chini, tunahama mwisho wa mwezi, lakini kitanda chake kikishaingia hapabaki nafasi ya piano. Nilitafuta wa kuichukua bure. Nilizunguka shule, makanisa, nikatangaza mtandaoni. Fundi alikuja, akaigonga, akasema ubao unaoshika nyuzi umepasuka, haitashika tena sauti sahihi. Makumbusho ya mji wa Ellermann yalinijibu kwa adabu kwamba wanazo tatu na hawana pa kuziweka. Siku hizi watu hawazitaki, Shangazi. Hata bure hawazitaki.

Kwa hiyo jana Banza alikuja na wenzake kuivunja humu humu ndani, ishuke vipande vipande. Nilitaka Baba akakae kwa jirani. Alikataa, akasema kiti chake kigeuzwe aone vizuri.

Banza alishika msumeno, akasimama tu. "Papa Zuberi, mimi siwezi. Hii kitu tulibeba na weye."

"Tulibeba? Wewe ulikuwa unalia nyuma yangu ngazi zote! Weka huo msumeno. Legeza nyuzi kwanza, moja moja, la sivyo zitakutoa jicho."

"Eh, papa! Alors, hata mu kiti uko chef?"

"Ndiyo, bosi bado ni mimi. Anza na zile nene."

Wote walicheka. Mimi nilikwenda jikoni, nikarudi, nikaenda tena. Baba aliwaelekeza hatua kwa hatua, kwa sauti ile ile aliyokuwa akitumia kazini, mpaka likabaki pande la chuma tu, nao wakalishusha. Hapo hakuwa tena na la kuelekeza. Nilipiga magoti mbele yake. Nilifungua vifungo vya sweta yake, nikavifunga tena.

Tangu jana jioni anamwambia kila anayepiga simu kwamba piano imekwenda shule moja ya Ixelles, na watoto wameifurahia. Mama hunitazama, nami naangalia chini. Sijui kama anatulinda sisi au ameshaamini. Piano nilishindwa kuiokoa, na hadithi hii siwezi kumnyang'anya, wala sijui kama ningependa.

Basi Ijumaa ukimpigia, akakuambia watoto wanaipiga vizuri, nakuomba, Shangazi, umwulize wanapiga nyimbo gani.

Nisalimie Bahati, Mzee Karimu na bibi Yasmina. Mungu akuongezee afya, na atukutanishe tungali hai sote.

Ni mimi mwanao, nikupendaye daima,

Naïma